Mafundi wa kamera wapime umeme getini, tena usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowagharimu wakazi wengi wa Arusha waliofunga kamera za ulinzi majumbani, nalo ni tabia ya kubadilisha kamera kila picha inapopotea bila kwanza kupima umeme unaoifikia. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na kwa yale ninayoyakuta kazini, kamera nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote. Zina njaa ya umeme tu.

Dalili kubwa ya njaa hiyo ni kwamba huja na giza. Mchana picha ni safi, lakini ikifika saa moja jioni kamera ya getini inazimika, inawaka, inazimika tena, na kukipambazuka inatulia yenyewe. Nyumba moja ya Moshono niliyoitwa hivi karibuni ilikuwa na hali hiyo, na mwenye nyumba alikwishauziwa kamera ya pili ambayo nayo ilifanya vilevile. Nilipopanda ngazi usiku nilisikia mlio mdogo wa "tik" ndani ya kamera kila baada ya muda mfupi, mlio wa kichujio cha mwanga kinachojisogeza kila kamera inapoanza upya. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ilisoma volti 12.1 kwenye adapta iliyokuwa sebuleni, ila kule getini, takriban meta 45 kutoka hapo, zilifika volti 9.7 tu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kamera ndogo ya volti 12 inaweza kutumia mkondo wa robo ampea hivi mchana, lakini usiku, zinapowaka taa zake za mwanga usioonekana kwa macho, ikafikia nusu ampea au kuzidi, na kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo volti nyingi zaidi zinavyopotelea njiani. Waya uliotosha mchana kutwa unashindwa usiku: taa zinawaka, volti zinashuka, kamera inazimika, ikishazimika mzigo unaondoka, volti zinapanda, nayo inawaka tena, na mchezo huo unaendelea mpaka asubuhi wakati mwizi, kama yupo, anapita bila kurekodiwa.

Waya wenyewe ndio mzizi wa mengi. Waya wa bei nafuu unaouzwa kwa ajili ya kamera mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba yenye unene uleule. Mteja anaweza kuutambua mwenyewe kwa kuukwangua kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo si shaba tupu. Siwalaumu sana mafundi wenzangu wanaoutumia, kwa sababu mteja anayeomba kupunguziwa bei mara tatu ndiye anayewasukuma huko, lakini basi aelezwe anachonunua. Pale Moshono tuliiacha kamera ileile, tukavuta umeme wake kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, huu huu tunaoutumia kwenye taa za nyumba, na usiku volti zikabaki juu ya 11. Kamera za mtandao zinazopata umeme kupitia waya wa data hazisumbui sana kwa umbali, kwa kuwa husafirishiwa volti 48 hivi kwa mkondo mdogo, ingawa nazo zikifungwa kwa waya wa alumini matatizo hayakosekani.

Kabla ya kununua chochote, basi, fundi apime volti kwenye jeki ya kamera, yaani pale waya wa umeme unapochomekwa kwenye kamera, huku kamera ikiwa inafanya kazi na taa zake za usiku zimewaka. Akija mchana, afunike uso wa kamera kwa kitambaa cheusi, na taa zitawaka. Kupima waya ukiwa umechomolewa kwenye kamera hakuna maana, kwa sababu bila mzigo utasoma volti 12 hata kwenye waya mbovu kabisa. Kisha aishushe kamera, aiunge karibu na mashine ya kurekodia kwa waya mfupi na adapta nzima, aifunike tena. Ikitulia hapo, kamera ni nzima. Aangalie pia viungio vya nje, maana mvua za masika hazina huruma na jeki iliyofungwa kwa utepe peke yake, na ukijani unaoota kwenye shaba huzuia umeme. Adapta nayo ihesabiwe: kamera nane za nusu ampea zinahitaji ampea 4, hivyo adapta ya ampea 5 ndiyo inayofaa, si ile ya ampea 2 iliyogawanywa kwa jeki nyingi.

Kosa jingine ninalolikuta mara kwa mara, na ambalo linaniudhi kuliko yote, ni la UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa gridi unapokatika) kuunganishwa na mashine ya kurekodia peke yake huku adapta ya kamera ikiwa kwenye soketi ya kawaida. Umeme ukikatika, mashine inabaki hai ikirekodi giza. Adapta na ruta lazima vichomekwe kwenye UPS hiyo hiyo. Mwenye nyumba ajue pia kwamba betri ndogo ya UPS ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 7, kwa mzigo wa kamera nne na mashine yake, haiwezi kumvusha usiku mzima. Ikiwa mpya itampa saa moja au mbili hivi, na ikichakaa, dakika chache.

Ombi langu kwa wamiliki wa nyumba ni kwamba wasimalizie malipo ya kazi ya kamera mpaka fundi aandike kwenye risiti aina ya waya alioutumia, ampea za adapta, na volti alizozipima usiku kwenye kila kamera. Kwa fundi mwenye multimita, shughuli hiyo haizidi nusu saa, na fundi mwingine atakayeitwa baadaye ataanzia kwenye namba hizo badala ya kuanza na kamera mpya.

Fundi umeme,
Moshono, Arusha