Mdogo wangu, kabla hujaenda Shengena peke yako

Mdogo wangu, za Arusha? Meseji yako ya juzi nimeirudia sijui mara ngapi, ile unayosema mwezi wa saba unaenda Shengena mwenyewe, begi mgongoni, siku tatu. Mama ameshasema yake na shangazi kaongezea, mi sikukatazi. Nimekuwa mgumu, yaani mpagazi, miaka kumi na moja, nabebea wageni mizigo Kilimanjaro, na najua ile hamu ya kutaka kukaa porini bila sauti ya mtu. Nakuandikia hapa hadharani maana wenzio wengi wana wazo hilo hilo na hawana wa kumuuliza.

Sehemu umechagua vizuri. Kili hupandi bila mwongozo, sheria ndo ilivyo, na Meru unaenda na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kwa hiyo hizo mbili zitoe kichwani. Shengena iko msitu wa hifadhi wa Chome kule Same, mita 2,400 na kitu, ndo kilele kirefu kuliko vyote Upare. Pitia kwanza ofisi ya misitu, lipia, jiandikishe, uliza wanaruhusu kulala wapi, na wakikwambia uchukue mtu wa kijijini usibishane nao, mchukue.

Sasa kuna jambo mama sijawahi kumwambia. Kuna mwaka nilienda mwenyewe milima hiyo hiyo ya Upare, nikajiona mzoefu, nimevaa fulana ya pamba na jinzi, mvua ikanikuta saa kumi jioni nikasema si inapita tu, naendelea. Haikupita. Sweta kavu nilikuwa nayo lakini iko chini kabisa ya begi, chini ya sufuria, na nilipokuja kuitaka vidole vilishakufa ganzi, kile kibano cha plastiki cha begi nakibonyeza hakifunguki, nikajaribu kwa meno, kiberiti nacho kimelowa mfukoni. Nikakaa chini natetemeka. Baadae kutetemeka kukaanza kupungua, nikaona afadhali, kumbe pale ndo pabaya, mwili ulikuwa unashindwa kujipasha moto. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe ndo aliniona akanishika mkono mpaka jikoni kwake, nikapewa uji. Asingepita yule mzee, nisingekuwa naandika hii barua.

Na wala hapakuwa na barafu. Watu wanadhani baridi inayoua iko kule juu Kibo tu, hapana, upepo na nguo iliyolowa vinatosha kabisa, na Julai huko juu ukungu unalowesha kama mvua. Kwa hiyo jinzi iache nyumbani. Nenda mitumba, ukija huku Moshi, soko la Memorial tutapata, tafuta sweta ya sufu na suruali nyepesi inayokauka haraka, na seti moja kavu ifunge kwenye mfuko wa plastiki uiweke juu kabisa, ni ya kulalia tu, hata iweje usitembee nayo. Alafu fanya mazoezi ya kufungua begi gizani, kuwasha jiko gizani, kusimamisha tenti na mikono iliyolowa. Vifanye nyumbani mpaka vikuchoshe.

Begi lisizidi kilo kumi na moja na maji yakiwemo, na kumbuka lita moja ya maji ni kilo nzima. Mgumu anapimiwa getini kilo 20 za mzigo wa mgeni, lakini yule ni kazi yake na ana wenzie, we una magoti yako tu. Vaa buti hizo wiki nne kabla, panda nazo kilima cha Suye hapo Arusha, siku nyingine njoo tupande barabara ya Uru mpaka Materuni na begi limejaa, ule mwinuko utakwambia ukweli wote. Maji ya mtoni chemsha hata kama yanang'aa.

Ramani ishushe kwenye simu ukiwa bado mjini, GPS haihitaji mtandao lakini ramani inahitaji. Simu uilaze nayo ndani ya slipingi begi, baridi inamaliza chaji. Na mimi uniachie karatasi: njia gani, unalala wapi kila usiku, na saa ngapi nikiwa sijakusikia nianze kupiga simu. Hiyo karatasi naitaka kwa mwandiko wako, sio meseji.

Nyoka akikuuma usichanje, usifunge kamba, tuliza huo mguu utafute njia ya hospitali.

Usiku utasikia mtu anapiga kelele kama ananyongwa. Ni perere, kamnyama ka ukubwa wa sungura, anakaa juu ya miti. Nakwambia sasa hivi ili saa nane za usiku usikurupuke ukatoka mbio gizani, maana mtu akiwa peke yake woga ndo unamvunja mguu.

Jumamosi njoo Moshi na begi lote, hata kama halijakamilika. Mzani wa kahawa wa babu bado upo, tutalipima. Tenti utaisimamisha mwenyewe kule chini kihambani kwenye migomba, ulale huko, mi nalala ndani na sitatoka kukuchungulia. Filimbi nimeshakununulia. Ukipuliza mara tatu, natoka.