Barua kwa shangazi: ile kona ya ubao uliyokuwa huifuti

Shikamoo shangazi,

Jumapili tuliongea kidogo tu, bando likakata kabla sijafika popote, na ukweli haya mambo kwenye simu nayasema nusu halafu koo linakaba, kwahiyo nimeona niyaandike tu hapa wazi, binamu atakusomea, na kama kuna mwalimu mwingine ana safari kama yangu naye asome.

Unajua miaka minne yote ile nimefundisha hisabati kule Kilosa lakini sijawahi kuwa na darasa? Kwetu sekondari darasa ni la wanafunzi, Form One A wamekaa pale, mwalimu unaingia na chaki zako na andalio la somo, kipindi kikiisha unabeba chaki zako unarudi ofisini. Huku Kentucky, Marekani, ni kinyume, chumba ni cha mwalimu na watoto ndio wanazunguka, kengele ikilia hawa wanatoka wale wanaingia. Nilipofika mwanzoni mwa Agosti nikapewa funguo, nafika mlangoni nakuta jina langu limeshabandikwa, jina la babu herufi zote zipo, hakuna iliyokosewa. Nilisimama pale nje kama dakika tano shangazi, nashindwa kuingia.

Ndani madawati 28 yamerundikwa pembeni, ubao mweupe, projekta, na kuta nne tupu. Wenzangu wanapita koridoni na mabango ya dukani, mazulia, taa za urembo, mashelfu ya vitabu, na nikaja kujua vingi wananunua kwa hela zao wenyewe, yaani mpaka sheria ya kodi inalijua hilo, mwalimu akipigiwa kodi anaruhusiwa kuondoa kwenye mapato yake kiasi fulani cha alichotumia kwenye vifaa vya darasa, ilikuwa dola 250 miaka mingi, mwaka 2022 ikapanda ikawa 300. Mimi mshahara wa kwanza ulikuwa bado na kodi ya nyumba nimeshalipa pamoja na dipoziti. Bas nikafanya ulivyokuwa unafanya wewe ulipokuwa unafundisha, nikaenda nyuma ya duka la fanicha nikaomba maboksi. Nikakata, nikapanga, nikanunua maka peni nyekundu na nyeusi, nikachora mstari wa namba kuanzia hasi 20 mpaka 20 unaozunguka kuta mbili, hasi zote nyekundu, kila namba kwa mkono wangu. Juu yake nikatundika kanga uliyonifunga kiunoni siku ile naondoka, ile ya Wema hauozi.

Ilikaa siku mbili tu. Alikuja mkaguzi wa moto, mzee mpole kabisa, akanielekeza kwamba kitambaa hakitundikwi ukutani kama hakijatiwa dawa ya kuzuia moto, na hata karatasi zisizidi nusu ya ukuta, na hiyo nusu ni kwa vile dari yetu ina mabomba ya kunyunyiza maji, jengo lisilo nayo ni moja ya tano tu. Nikaikunja kanga nikaiweka kwenye droo, yale maneno nikayaandika kwenye boksi nikabandika.

Halafu kuna kitu kingine sikukuambia kwenye simu. Kila mwalimu huku lazima achague kona ya darasa ambayo mtu akichungulia mlangoni haioni. Watoto wote inabidi waenee pale, wamekaa chini, taa zimezimwa, kimya. Ni zoezi la siku ambayo mtu mwenye bunduki ameingia shuleni. Sheria ya Kentucky inataka lifanyike ndani ya siku 30 za kwanza za masomo, na Januari tena. Nilikaa mwenyewe sakafuni pale jioni moja nikipima kwa mwili wangu, nikihesabu, huyu atakaa hapa, huyu hapa, miguu aikunje. Ile kona hairuhusiwi kuwekwa kabati wala meza, kwahiyo ukuta wake ndio ukabaki mtupu kuliko wote. Na mimi nikaukumbuka ubao wako.

Ile kona ya chini kulia, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, uliyokuwa huifuti. Watoto wanatoka nyumbani na Kikaguru chao, wanaogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa sababu Kiswahili hawajui, wewe unawaambia leteni neno moja la nyumbani, unaliandika pale wao wanakutamkia, na wewe ndio unakosea wao wanakusahihisha. Nilikuwa nadhani ni mchezo tu wa kuwachangamsha.

Wiki ya pili akaja kijana mmoja, jina silitaji. Ana miaka 12, wazazi wametoka Fizi kule Kongo, yeye kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu. Wakongo hapa Kentucky ni wengi, ila mimi sikutegemea. Amekaa nyuma siku tatu hasemi neno, na faili lake limekuja na jaribio la kuanzia mwaka alilofanya kwa mwalimu mwingine, desimali sufuri, kugawanya sufuri, pembeni pameandikwa hajui thamani ya nafasi. Nikaomba karatasi yenyewe. Shangazi, 75 kugawanya kwa 6, kaandika 12,5. Koma, pale ambapo huku wanaweka nukta. Kigawanyo kakiweka upande wa kulia na mstari wa kusimama, jibu chini yake, vile Wakongo walivyorithi kwa Wafaransa na Wabelgiji, maana kambini watoto wa Kongo wanafuata mtaala wa kwao. Nikapita swali moja moja na kalamu. Zote amepata! Zote! Nilikaa kwenye gari nikalia.

Kwenye mafunzo ya walimu wapya walitusomea kesi ya mwaka 1974, familia za Wachina wa San Francisco walishtaki na Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule wakati lugha haielewi huo sio usawa. Niliinakili kwenye daftari kama noti za mtihani. Nimekuja kuielewa na ile karatasi mkononi.

Kesho yake nikampeleka ukutani, kwenye ile kona, nikampa maka peni. Akasoma kwanza lile boksi, taratibu, We-ma ha-u-o-zi, akageuka akanitazama. "Mwalimu, unajuaka Kiswahili?" Akaandika 12,5 halafu alama ya sawasawa halafu 12.5. Toka siku hiyo wengine nao wakaanza, binti wa Kisudani kaandika namba moja mpaka kumi kwa maandishi ya Kiarabu, mwingine kaleta namna ya kutoa aliyofundishwa na bibi yake, mpaka watoto wa hapahapa wanauliza na sisi tuandike nini.

Siku ya zoezi nilimwita mapema nikamweleza kwa Kiswahili, ni mazoezi tu, hakuna mtu anakuja. Taa zikazimwa, tukabanana watoto 26 chini ya yale maandishi, na katikati ya ule ukimya akanisogelea akaninong'oneza, "Mwalimu, mama alisema kule walikimbiaka. Sisi juu ya nini tunakaa?" Kwao "juu ya nini" ni "kwa nini". Nilimshika mkono tu. Mpaka leo sina jibu, na kama unalo niambie.

Sasa kilichonifanya niandike usiku huu ni hiki. Mratibu wa hisabati alipita wiki iliyopita, akasifia mstari wa namba, akafika kwenye kona akasema ile 12,5 itawachanganya wengine kwenye mtihani wa jimbo, niitoe, pale nibandike mabango ya mada za mtihani. Anarudi Alhamisi. Mimi ni mgeni, mkataba wangu ni wa mwaka mwaka, na viza yenyewe ni ya miaka mitatu.

Nikiwa darasa la tatu mkaguzi alikuja shuleni kwako. Tulikuwa tunachungulia dirishani. Shule ilikuwa Kiswahili tu na anayeongea kilugha anachapwa, na yule baba alisimama mbele ya ubao akakunyooshea kidole ile kona yenye Kikaguru. Ulimsogelea ukamwambia kitu kwa sauti ya chini, hatukusikia. Akaondoka, na maneno yakabaki pale mpaka tunafunga shule.

Ulimwambia nini, shangazi?