Mhariri, ile namba kwenye rimoti sio urefu kutoka ardhini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana makala yenu ya juzi kuhusu kurusha droni milimani nimeisoma mara mbili na ile mara ya pili ndo nikaona siwezi kunyamaza. Mwandishi wenu kafanya kazi nzuri, sehemu ya upepo na betri sina neno nayo kabisa. Ila kuna mahali anasema mrushaji asihangaike na kikomo cha mita 120, ule urefu wa juu kabisa ambao sheria za nchi nyingi zinaruhusu droni, kwa sababu apu inamzuia yenyewe, alafu chini ya ile picha ya droni ikiwa juu ya korongo mkaandika kwamba iko mita 60 kutoka ardhini. Hebu iangalieni tena hiyo picha, mto unaonekana kule chini mwembamba kama uzi, hizo haziwezi kuwa mita 60 hata kidogo. Hiyo 60 ni namba iliyosomwa kwenye rimoti, na namba ya kwenye rimoti haipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni, inapimwa kutoka pale droni iliporukia. Ukirukia kwenye ukingo wa genge basi sifuri yako ni huo ukingo, na hata kama sekunde tatu baadaye chini yake kuna shimo la mita 400 namba inabaki vilevile.

Naandika kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua hili mpaka nilipoigonga yangu mlimani. Nilirusha nikiwa bondeni, droni ndogo isiyo na sensa za mbele, nikaizungusha nyuma ya bega la mlima nipate picha ya upande wa pili, na mlima ukakata mawasiliano kama unavyokata kila mara ukikaa katikati ya rimoti na droni. Ikafanya ilichofundishwa, ikaanza kurudi nyumbani yenyewe. Urefu wa kurudia, yaani ule inaoushika ikirudi yenyewe, nilikuwa nimeuacha kwenye mita 30 na akilini mwangu mita 30 zilikuwa nyingi, miti yote iko chini ya hapo, kumbe zile 30 zinahesabiwa kutoka miguuni kwangu na kati yangu na droni kulikuwa na mgongo wa mlima ulioinuka kama mita 70 juu ya niliposimama. Video ya mwisho inaonyesha vichaka vinakuja, vinakuja, basi. Pale pana njia ya watu, wanapita na mizigo kichwani. Siku ile hapakuwa na mtu na hilo ndo ninaloshukuru mpaka leo.

Sasa kwanini droni inahesabu hivyo? Kwa sababu kipimo chake kikuu cha urefu ni baromita, kidude kidogo kuliko ukucha kinachopima presha ya hewa. Ukipanda juu hewa inayokulemea inapungua na presha inashuka, karibu na usawa wa bahari ni kama milibari moja (milibari ni kipimo cha presha) kila mita 8 hivi, ukifika mwinuko wa mita 2,000 inakuwa milibari moja kwa mita 10. Droni inachukua presha ya pale ilipowashwa inaiita sifuri na kuanzia hapo inafanya hesabu ya kutoa, kwa hiyo haijawahi kuiona ardhi, inachojua ni kwamba hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pale ilipoanzia.

Hii hesabu ni ya zamani sana. Tarehe 19 Septemba 1648 huko Ufaransa, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki, baromita ya enzi hizo, kwa maombi ya shemeji yake Blaise Pascal, na kule juu zebaki ikasimama chini kwa kama sentimita 8 kuliko ilivyosimama mjini. Kinachonigusa mimi kwenye habari hii ni mrija wa pili, maana waliuacha chini mjini na mtawa mmoja akakaa nao kutwa nzima akiuangalia kama utasogea, na haukusogea, ndipo wakawa na uhakika kwamba kilichobadilika ni urefu na sio hali ya hewa. Droni nyingi tunazorusha hazina mrija wa pili. Mvua ya radi ikianza kujengeka mlimani na presha ikashuka milibari mbili wakati droni iko hewani, baromita inaona imepanda mita 16 au 20 na droni inajishusha kurekebisha kosa ambalo halipo, na wewe unaangalia namba haijabadilika. Zile zenye GPS huwa zinachanganya vipimo kupunguza hilo, inasaidia ila haliondoki lote. Baridi nayo ina yake, hewa ikiwa ya baridi kuliko ile ya kawaida waliyoitumia kwenye hesabu, kila nyuzi 10 za tofauti zinakuibia kama asilimia 4 ya urefu, yaani skrini inasema 100 na uko 96. Unaweza kuona ni kidogo lakini mimi niliyegonga kichaka siioni ndogo.

Mtu atasema si kuna GPS, itumike hiyo. GPS kwa kwenda juu ni dhaifu kuliko kwa pembeni kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya ardhi ya kusawazisha, na ukiwa ndani ya bonde milima inaziba nusu ya anga na mawimbi mengine yanakufikia yakiwa yamegonga ukuta wa mwamba kwanza. Alafu urefu wa GPS ukiwa haujarekebishwa unahesabiwa kutoka kwenye umbo la dunia la kimahesabu na sio usawa wa bahari wa kwenye ramani, na hayo mawili hayalingani, kusini mwa India tofauti yake inapita mita 100. Sensa za tumboni zinazoangalia chini kweli zinapima ardhi yenyewe, ila kwenye droni ndogo zinafika mita chache tu, ukipanda zaidi ya hapo ni kipofu.

Nirudi kwenye mita 120 maana hapo ndo makala ilipotoa ushauri wa hatari. Hiyo namba haikuokotwa. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ambayo rubani anaiongoza kwa kuangalia nje isishuke chini ya mita 150 kutoka ardhini isipokuwa inapopaa au kutua au ikiwa na kibali, kwa hiyo droni zikaachiwa nafasi ya chini yake na pengo dogo katikati. Ndo maana kikomo kinahusu ardhi, rubani wa ndege hajali wewe ulirukia wapi. Wamarekani wanasema futi 400, kama mita 120, kutoka usawa wa ardhi iliyo chini ya droni. Ulaya kanuni zao zilizoanza kutumika 31 Desemba 2020 zinasema mita 120 kutoka sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi, na wanasema wazi kwamba kwenye vilima na milima kipimo kifuate umbo la ardhi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, mlimani ni kubwa.

Chukua ile picha yenu. Mrushaji kasimama ukingoni, droni iko mita 60 juu ya alipo, na tuseme korongo lina kina cha mita 400. Kwa hesabu ya Ulaya akiisogeza mita 100 mbele kutoka ukingoni bado yuko ndani ya sheria, maana mwamba ulio karibu zaidi uko mita kama 117, akifika mita 150 mbele ameshavunja. Kwa hesabu ya Marekani amevunja tangu alipovuka ukingo kwa sababu chini yake sasa kuna mita 460. Na muda wote huo apu inaandika 60, haijapiga kelele, haijamzuia. Hiyo ndo apu mliyowaambia watu waitegemee.

Upande wa pili apu inakuzuia pasipostahili. Unarukia chini ya mlima, unapanda na mteremko ukikaa mita 40 tu juu ya majani, mlima ukishainuka mita 80 apu inaona 120 inagoma wakati kisheria bado una mita 80 mkononi. Hapo wengi wanachokifanya ni kuingia kwenye mipangilio na kupandisha kikomo mpaka 500 inakoruhusu, wanaendelea, wanavuka kilele, ardhi ya upande wa pili inaporomoka na hakuna tena kitu chochote cha kuwashtua. Siwalaumu sana, wameambiwa apu ndo sheria.

Zipo droni zinazofuata ardhi kwa kutumia ramani ya mwinuko iliyopakiwa ndani, ni hatua nzuri na ningependa ziwe nyingi. Ila ramani nyingi za namna hiyo zinatokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 Februari 2000, kipimo kimoja kila mita 30, na genge zima linaweza kuingia katikati ya vipimo viwili. Kwenye miteremko mikali rada ilikuwa na kivuli ikaacha mashimo yaliyozibwa baadaye kwa makadirio. Nyaya za umeme zinazovuka bonde hazimo kabisa.

Msinielewe vibaya kwamba nataka droni zifukuzwe milimani. Julai 2018 kule Pakistan, kwenye Broad Peak unaopita mita 8,000, mpandaji Rick Allen alishahofiwa kufa, droni iliyorushwa na Bartek Bargiel ndo iliyomwona akiwa hai na waokoaji wakamfikia. Nikiisoma habari ile napata nguvu. Lakini mabonde hayohayo ndo njia za helikopta za uokoaji, na hizo zinapita chini, zinafuata bonde, na rubani wake anapokunja kona hatarajii kukuta droni inaning'inia mita 460 juu ya mto huku mwenyewe anaamini iko 60.

Ombi langu ni dogo. Kwanza rekebisheni maelezo ya ile picha, iandikwe mita 60 juu ya aliposimama mrushaji. Pili, mkiandika tena waambieni watu kabla ya kuwasha waifungue ramani yenye mistari ya mwinuko, wasome mwinuko wa walipo, wasome wa kilele chochote kilicho kati yao na droni inakokwenda, watoe, waongeze mita 30 au 40 za usalama na hiyo ndo iwe urefu wa kurudia nyumbani. Na kama wanarukia juu kwenda bondeni wafanye hesabu ileile kwa kugeuza, wajue ardhi itashuka mita ngapi na wao washuke nayo, hata kama rimoti itaanza kuandika namba za hasi. Namba ya hasi sio kosa la mashine, maana yake ni kwamba droni iko chini ya ulipoirushia.

Ni mimi msomaji wenu, mrushaji wa droni