Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hariri Zilizomo Makashani Mwetu

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Mwaka jana mliniagiza nguo kuukuu za hariri za familia zetu zitazamwe kabla hazijawa vumbi. Kazi imeanza, na imeanza kwa majonzi. Tulipokunjua kilemba chekundu ambacho familia ya mwenzetu imekitunza vizazi vitatu, kilikatika kila penye mkunjo, kwa mlio mkavu kama jani la mgomba. Baina ya mikunjo kitambaa kiling'aa bado, rangi ya komamanga. Hakikuliwa na nondo. Kilikunjwa palepale miaka yote, na nyuzi zikachoka. Mwenye nguo alilia, nasi tukakosa la kumwambia.

Tangu siku hiyo hatukunji. Tunaomba madukani mabomba ya kadibodi yanayobaki majora yakiisha, tunayavisha marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, iliyofuliwa bila wanga, kisha tunaviringisha nguo taratibu, upande wa nakshi ukiwa nje. Makasha yetu ni fahari, lakini hariri isiguse mbao tupu. Jua nalo ni adui: huichosha hariri upesi kuliko pamba, basi tusiitundike dirishani hata siku ya harusi.

Wapo walioniuliza kwa nini tuhangaikie kitambaa cha kigeni. Swali hilo limeniuma. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mfalme alitoka kumlaki akiwa na joho la damaski, kitambaa chenye nakshi za kufumwa, lililopambwa kwa atlasi, hariri nyororo ya kung'aa, ya kijani, juu yake mwavuli wa atlasi nyekundu. Hizo zilitoka ng'ambo, sikatai. Lakini katika karne ya 16 padri Mreno Monclaro aliandika kwamba Pate, katika visiwa vya Lamu, ilifuma vitambaa vya hariri, na miji mingine ya pwani ikavipata kutoka huko. Pate, jamani! Mafundi walikuwa watu wetu.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, michango imetosha marekani, haijatosha kabati.

Mwaka huu tunaendelea nyumba kwa nyumba. Mwenye hariri ya bibi yake asiifue, asiipige pasi, wala asiikunjue peke yake. Atuite, tutakuja na meza ndefu na mikono safi.

Mwenyekiti wenu