Tuwafundishe kazi wasaidizi wa gereji

Mhariri,

Gereji nyingi ndogo hapa Moshi humwachia msaidizi kufagia na kushika tochi; fundi akihama, kazi inasimama. Inaumiza, maana dakika 20 za asubuhi kabla ya wateja zinatosha kumfundisha. Kazi moja tu kwa siku. Kwenye tairi, kwa mfano: nati zianzwe kwa mkono, gari lishushwe, kisha zikazwe moja na ya mkabala wake. Ukikaza kwa kuzunguka, rimu hukaa upande. Fundi aonyeshe, msaidizi arudie akieleza sababu, halafu afanye peke yake. Jamani, tusimpokonye spana akichelewa! Akiiva, apelekwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akapimwe na kurasimishiwe ujuzi wake, apate cheti.

Fundi magari,
Majengo, Moshi