Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: RIPOTI YA MUHULA WA KWANZA, NIDHAMU NA HAKI YA MWANAFUNZI KATIKA MITIHANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Pamoja na barua hii utapokea ripoti ya maendeleo ya kijana wako. Nakuomba usome barua kwanza, kwa sababu ripoti ya safari hii haifanani na zile ulizozizoea, na mabadiliko hayo yana chanzo ambacho ni haki yako kukijua.

Chanzo ni mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Tatu. Swali la mwisho liliwataka wanafunzi wamwandikie mkuu wa shule barua wakieleza jambo moja ambalo wangependa lirekebishwe. Wengi waliandika kuhusu maji, vyoo na uhaba wa madawati, mambo ambayo tayari yako mbele ya bodi ya shule. Mmoja alijaza kurasa tatu kuhusu mitihani na adhabu. Mwalimu wa somo aliisahihisha kazi hiyo kama nyingine zote, akamkata alama kwa anwani aliyoikosea, kisha akaniletea. Mwanafunzi ameniruhusu niwafikishie hoja zake kwa sharti kwamba asitajwe, hivyo nawasihi msiwahoji watoto kutaka kujua ni nani.

Anaeleza kwamba asubuhi ya mtihani wa Fizikia alifika kituoni mapema, lakini daladala zikawa zinampita. Sote tunajua jinsi baadhi ya makonda wanavyowakimbia wanafunzi saa za asubuhi, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Alipofika shuleni robo saa ilikuwa imekwisha kupita. Akaruhusiwa kuingia, kwa sababu hakuvuka nusu saa tuliyoiweka, akafanya mtihani kwa muda uliobaki, akapata 47. Zikaondolewa alama tano kwa kosa la kuchelewa, ikabaki 42. Ameandika hivi: "Naomba kujua ni swali lipi la Fizikia nililolikosa kwa sababu ya daladala."

Nimelisoma swali hilo mara kadhaa na sijapata jibu la kumpa. Tazameni zile alama tano zilivyofanya kazi. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania vya Kidato cha Nne, 45 hadi 64 ni C, na 30 hadi 44 ni D. Kijana huyu aliijua Fizikia kwa kiwango cha C, akaandikiwa D. Anayetaka kwenda Kidato cha Tano anahitaji angalau C katika masomo matatu. Aidha, alama endelevu, yaani zile zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho, huchangia asilimia 30 ya matokeo ya mwisho ya Kidato cha Nne, na mitihani ya Kidato cha Tatu ni sehemu ya alama hizo. Kwa hiyo asubuhi moja ya kukosa usafiri ingemfuata mtoto hadi kwenye cheti chake, na yeyote atakayekisoma cheti hicho baadaye angedhani kwamba kinasema habari za Fizikia.

Utaratibu wa kukata alama kwa sababu za nidhamu ni wa miaka mingi hapa shuleni na una watetezi wake, tena miongoni mwa walimu ninaowaheshimu sana. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi wa leo anaogopa kupoteza alama kuliko anavyoogopa adhabu nyingine yoyote. Sina sababu ya kulipinga hilo. Hata hivyo, kwa kuwa kitisho kinafanya kazi haina maana kwamba ni cha haki, na alama iliyochanganywa na mwenendo haimwambii mzazi ukweli wa jambo lolote kati ya hayo mawili. Baada ya kikao kirefu cha walimu, tumekubaliana kwamba alama ya somo itaonyesha kile anachokijua mwanafunzi katika somo hilo, basi. Kuchelewa, utoro, lugha chafu, sare na mengineyo yataandikwa katika sehemu ya mwenendo, kwa maelezo ya mwalimu wa darasa. Alama zote zilizokatwa muhula huu kwa sababu hizo zimerudishwa, na hizo ndizo utakazoziona kwenye ripoti.

Udanganyifu katika mtihani hauingii katika msamaha huu. Anayeangalizia kwa jirani, au anayeingia na karatasi ya majibu aliyoificha kwenye soksi, ametuletea majibu yasiyo yake, kwa hiyo hatuna cha kupima. Matokeo yake katika somo hilo yatafutwa, kwani hata Baraza hufuta matokeo ya wanaodanganya katika mitihani ya taifa, na mzazi ataitwa.

Kuhusu adhabu, mwanafunzi anauliza kwa nini wawili waliokamatwa na simu siku moja hawakutendewa sawa: mmoja alirudishiwa simu baada ya mzazi wake kupiga simu ofisini, mwingine akafagia uwanja wiki nzima na simu yake ikabaki kabatini. Nimefuatilia na nimekuta ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia muhula ujao simu itakayokamatwa itaandikwa kwenye daftari, na itachukuliwa na mzazi mwenyewe siku ya kufunga shule, awe mzazi huyo ni nani. Hapa naomba niseme wazi: baadhi yenu mnanipigia kuomba mtoto "asaidiwe". Msaada huo unalipwa na mtoto wa mwenzako ambaye mzazi wake hana namba yangu.

Analalamika pia kwamba darasa zima lilichapwa kwa kelele za watu wachache. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Adhabu ya darasa zima haiwezi kuandikwa katika daftari hilo, kwa sababu safu ya kosa inamtaka mtu mmoja na kosa lake. Nimewakumbusha walimu wote kanuni hizi, na daftari nalikagua mwenyewe kila Ijumaa.

Sikukubaliana naye katika kila jambo. Amependekeza wanafunzi wenyewe wapige kura kuamua adhabu ya mwenzao. Nimemwita nikamweleza kwamba kura ya darasa humwokoa anayependwa na kumwangamiza mpweke, kwa hiyo upendeleo anaoukimbia ofisini angeukuta tena darasani. Alibisha kidogo, kwa heshima, na sikumkataza. Tumekubaliana kwamba kiranja mkuu na wawakilishi wawili wa wanafunzi watahudhuria kamati ya nidhamu na kutoa maoni, bila kura.

Kutokana na hoja yake kwamba walimu husahihisha "kwa kuangalia jina", kuanzia muhula wa pili wanafunzi wataandika namba badala ya majina, na kila mwalimu atasahihisha swali moja kwa karatasi zote, kama wafanyavyo wasahihishaji wa Baraza. Kwa masomo yenye mwalimu mmoja tu, namba peke yake ndiyo itakayosaidia.

Orodha ya nafasi haitabandikwa tena ubaoni. Januari 2023, yalipotoka matokeo ya Kidato cha Nne, Baraza halikutangaza shule bora wala wanafunzi bora, kwa maelezo kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayolingana. Ripoti bado inaonyesha nafasi ya mtoto, kwa kuwa wazazi wengi mnaiulizia, lakini nawaomba muanze kusoma kwenye safu ya alama za muhula uliopita. Binti aliyetoka 28 hadi 41 katika Hisabati amefanya kazi kubwa, hata kama ripoti inasema ni wa 60. Akichapwa nyumbani kwa sababu ya hiyo 60, huku dada yake akisifiwa mbele yake, atarudi shuleni akiwa amejifunza kuificha ripoti.

Kikao cha wazazi kitafanyika Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa 3:00 asubuhi, na utaratibu mpya wa mwenendo utajadiliwa kabla ya kupelekwa bodi. Mwenye pingamizi kuhusu alama yoyote aje na karatasi ya mtihani husika, kwani wanafunzi wote wamerudishiwa karatasi zao. Tafadhali saini kipande cha chini cha ripoti, jaza maoni yako katika nafasi iliyoachwa, na umpe mwanao akirejeshe kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule