Mbona mnalijaribu gitaa langu kwenye kaampu hako?

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki. Mteja anaingia karakana yetu ya kutengeneza magitaa, gitaa mgongoni, anasalimia, anatazama huku na huku, kisha macho yanatua kwenye kisanduku cheusi pembeni ya meza ya kazi, ampu yetu ya kukuzia sauti ya gitaa. "Fundi, ndiyo ampu yenu hiyo?" Anauliza kama mtu aliyealikwa pilau akakuta uji. Wengi wanaficha kwa adabu. Mzee mmoja mpiga solo, aliyepiga dansi tangu mimi sijazaliwa, hakuficha kitu: "Kijana, haka kaampu si ka watoto wa kujifunzia?"

Ni ka kujifunzia kweli, mzee wangu. Kana wati 3, spika ya inchi 5, na uzito wake hata kilo 3 hakafiki. Kanaitwa Micro Cube GX, wametengeneza Roland, na kanaweza kufanya kazi kwa betri 6 ndogo kama zile za rimoti. Kabla hakajaja tulikuwa na jitu halisi la ampu, na nitaanza na hilo jitu.

Lilikuwa la vali (ile mirija ya kioo kama ya redio za zamani), mtumba wa Marekani, zito kiasi kwamba kulihamisha kulihitaji watu wawili na ugomvi mmoja. Sauti yake ilikuwa tamu mno. Lakini lilitengenezwa kwa umeme wa volti 120, na hapa Dar tunatumia 230. Kwa hiyo lilipitia kwenye transfoma ya kushusha umeme, sanduku la chuma lililokaa chini ya meza. Aliyelimiliki kabla yetu alikuwa amekata plagi yake ya asili akaweka plagi ya pini tatu ya huku kwetu. Jumamosi moja wateja wamejaa, kijana wetu akalichukua akalichomeka moja kwa moja ukutani. Wala hakukuwa na mlipuko. Ulisikika mlio mfupi, kisha ikaja ile harufu ambayo kila fundi redio anaijua. Sikumlaumu, kwa sababu plagi ilimwambia kwamba inafaa. Mwenye kosa ni mimi, niliyeiacha plagi ile miaka miwili bila hata kibandiko.

Tangu siku ile, mtu akitupigia simu kutoka dukani au bandarini kuuliza kuhusu ampu ya mtumba, swali letu la kwanza si jina wala wati. Tunamwambia ageuze nyuma asome volti. Ikiwa 220 hadi 240, sawa. Ikiwa 120, ni ya Marekani. Ikiwa 100, ni ya Japani, na hizo ziko nyingi kwenye mitumba. Kama ampu inatumia adapta ya nje, soma maandishi madogo ya adapta yenyewe: ikiandikwa 100-240V inakubali umeme wa karibu popote duniani. Ikiandikwa namba moja tu, iamini namba hiyo kuliko maneno ya muuzaji.

Jitu lile lilipokufa nilihuzunika kama wiki hivi. Baadaye nikaanza kugundua kwamba lilikuwa likitudanganya.

Vali huchoka. Hazifi siku moja kama taa. Zinapungua kidogo kidogo, miezi na miezi, na sikio linazoea. Kwa mwanamuziki jukwaani hilo si tatizo, tena wapo wanaoipenda sauti ya vali zilizotumika. Kwa karakana ni sawa na fundi seremala mwenye rula inayorefuka kila mwezi. Gitaa likiletwa leo likasikika limefifia, je, pikapu (kile kinasa sauti cha gitaa) ndiyo imedhoofika au ni vali zetu? Nilishawahi kufungua gitaa zima, nikapima pikapu kwa mita, nikakuta kila kitu kiko sawa. Ile ya koili moja (koili ni waya mwembamba uliozungushwa) ilisoma ukinzani wa kiloomu 6, namba ya kawaida kabisa kwa pikapu za aina hiyo. Mgonjwa alikuwa ampu. Nusu siku ilikwenda, na mteja sikumlipisha kitu.

Kwa hiyo tulipotafuta nyingine tuligeuza maswali. Hatukuuliza ipi ina sauti nzuri. Tuliuliza ipi itatuambia ukweli, ile ile leo na mwakani, tena bila kujaza meza.

Fender Blues Junior tuliifikiria. Ni ampu maarufu ya wati 15, spika moja ya inchi 12, na kwa ampu ya vali si nzito sana, kama kilo 14. Ukitaka kupiga blues kwenye ukumbi mdogo, nunua. Ila ina vali, na tulishaapa. Halafu haina tundu la hedifoni, na majirani zetu hapa ni saluni upande mmoja na duka la dawa upande wa pili. Roland JC-120 nayo, iliyotoka 1975 na mpaka leo iko kwenye kumbi nyingi za dunia, ni safi kama maji ya dafu. Haina vali hata moja. Wapiga solo wa dansi huku kwetu wanaipenda sauti ya namna ile, nyeupe, kila uzi unasikika peke yake. Lakini ina wati 120 na spika mbili za inchi 12. Ningeiweka wapi? Juu ya paa?

Hapa niseme kidogo kuhusu wati, maana ndipo wateja wengi wanapotupa hela. Wati 50 hazisikiki mara 10 ya wati 5. Sikio linasikia kama mara 2 tu. Ili sauti iwe maradufu masikioni unahitaji nguvu mara 10 hivi. Kijana anayefanyia mazoezi chumbani Sinza na kulipia ampu ya wati 100 ananunua uzito.

Mwisho tuliishia na mbili. Ya mezani ni hiyo Micro Cube. Chini ya meza iko Boss Katana ya wati 50, spika ya inchi 12, ambayo nguvu yake inaweza kushushwa hadi 25 au mpaka nusu wati. Hiyo nusu wati ndiyo iliyonishawishi: spika kubwa, sauti ya kuongea. Ina aina 5 za sauti, na mojawapo ni ya gitaa la mbao lenye pikapu (lile lenye tumbo la uwazi), ambalo kwa kazi zetu ni muhimu kuliko zote, kwa kuwa zaidi ya nusu ya magitaa yanayokuja hapa ni ya makanisani na ni ya aina hiyo. (Ampu hatuuzi, kwa hiyo nikisifu au nikiponda hakuna anayenilipa.)

Kitu kimoja tuliwahi kujikwaa nacho. Ampu nyingi za kisasa za kidijitali zina kizuia kelele ndani yake, kinachofunga sauti pale unapoacha kupiga. Nyumbani ni raha. Karakana ni balaa: gitaa linakoroma, kizuia kelele kinalifunika, unamrudishia mteja gitaa bovu huku ukitabasamu. Sisi tumezima kila kitu cha namna hiyo, pamoja na mwangwi na mapambo mengine. Ndiyo maana ukilijaribu gitaa lako kwetu utalisikia limekuwa kavu. Tumelivua nguo makusudi ili tulione.

Sasa tunafanya nini na kaampu hako? Cha kwanza, tunachomeka gitaa na kushusha voliumu ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikibaki, haitoki kwenye pikapu; inatoka kwenye waya, umeme au ampu. Ikitoweka, tunapandisha voliumu na kugusa nyuzi kwa kiganja. Kelele ikipungua, ni salama: ndivyo gitaa la kawaida linavyotakiwa kuwa, kwa sababu daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) limeunganishwa na ethi, ile njia ya umeme kwenda ardhini, na mwili wako unakuwa sehemu ya kinga. Watu wengi wanaleta magitaa mazima kwa sababu hii tu. Isipobadilika kabisa, mara nyingi waya mwembamba wa kwenda kwenye daraja umeachia. Ikiongezeka ukigusa, mara nyingi kuna mtu alifungua jeki (tundu la kuchomeka waya) akarudisha nyaya mbili kinyume. Hiyo tunaitengeneza ukiwa umesimama.

Ukitaka kujua kelele yenyewe inatoka wapi, tumia sikio. Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Mngurumo wa Hz 50 uko karibu kabisa na nota ya G ya chini sana, na ule unaotoka kwenye kapasita (vitunza umeme) zilizozeeka za ampu huwa wa Hz 100, yaani G iliyo juu yake. Bonyeza freti ya tatu kwenye uzi mnene wa sita, hapo ni Hz 98. Kama ampu yako inaimba nota hiyo hata bila gitaa kuchomekwa, usituletee gitaa. Leta ampu. Na tafadhali usiifungue mwenyewe, hasa ya vali: kapasita zake zinaweza kushika volti 300 na zaidi hata baada ya kuichomoa ukutani.

Ile milio ya kukwaruza ukizungusha voliumu, mara nyingi ni vumbi na kutu. Pwani hewa ya chumvi inakula kila chuma. Dawa yake ni kusafisha. Lakini ikiwa magitaa yako yote yanakwaruza kwenye ampu yako na hapa kwetu hayakwaruzi, ampu yako inavujisha umeme kidogo kurudi kwenye gitaa. Bila ampu ya pili ya kulinganisha, fundi angekubadilishia voliumu tatu na tatizo likabaki pale pale.

Betri nazo. Mwaka jana kijana wa kwaya alituletea gitaa lake mara tatu. "Fundi, linakoroma kanisani." Hapa kimya. Anaondoka, anarudi. Mara ya tatu nilibeba Micro Cube kwenye mkoba nikaenda naye Jumamosi jioni kwenye mazoezi. Kwa betri, pale pale kanisani: kimya. Tukachomeka kwenye mitambo yao: mngurumo. Nikamuuliza kama kuna kingine. Akasema, kama jambo dogo, kwamba akishika nyuzi na mdomo ukagusa maiki huwa anapigwa shoti kidogo, "lakini nimeshazoea."

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na ekstensheni ya kujitengenezea, ndefu, waya wa nyuzi mbili. Ethi haikuwahi kuunganishwa. Gitaa, ampu na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), vyote vilikuwa vinaelea. Tulimwita fundi umeme wa jengo akaibadilisha, mngurumo ukaisha, na shoti pia. Gitaa halikuguswa hata kwa bisibisi. Kama na wewe maiki inakupiga, hata kidogo, acha kupiga siku hiyo hiyo na mwite fundi umeme kabla ya kutuita sisi.

Wanaouliza wanunue ipi kwa ajili yao, jibu langu hubadilika kulingana na mtu. Kwa mazoezi ya nyumbani na umeme unaokatika, ya betri inatosha sana. Kwa kanisa la watu 100 au bendi ndogo, wati 50 bila vali na spika ya inchi 12. Kwa besi, usikubali mtu akuambie ampu ya gitaa itafaa. Uzi wa chini wa besi ni Hz 41 na spika ndogo itakuwa inapigana mpaka ichanike. Hapa tunajaribia besi kwa sauti ya chini tu, kusikia kama pikapu ziko hai. Gitaa la mbao lenye pikapu linataka ampu yenye sauti wazi juu, na kabla ya kununua chochote badilisha betri ya volti 9 iliyo ndani ya gitaa. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri hiyo inaendelea kuliwa, kwa sababu jeki ndiyo swichi yake. Nimewahi kupokea magitaa matatu "yaliyokufa" kwa siku moja, yote betri.

Yule mzee wa solo alikaa kwenye stuli, akachomeka gitaa lake kwenye kaampu, akapiga sebene kwa dakika kumi bila kusema neno. Kisha akahamia pikapu ya kati, akapiga tena, akainamisha kichwa. "Hii ya kati inasikika nyembamba. Nyumbani sijawahi kuisikia hivi." Tuliifungua: koili mbili zilizounganishwa kinyume, zinafutana. Aliyeipachika aliifanya hivyo miaka mingi iliyopita, na ampu yake kubwa ya nyumbani, yenye mwangwi mwingi, ilikuwa imemfichia muda wote huo.

Kulijaribu gitaa hapa ni bure, na huhitaji miadi. Ukija, njoo na waya wako ule ule unaotumia kila siku, hata kama umefungwa kwa selotepu. Hasa kama umefungwa kwa selotepu.